Nyumba na Jiko: Kapu la Barabara ya Gulu

Juma hili tumeliweka kando somo la kushona nguo za watoto, kwa kuwa imetufikia barua ambayo haifai kujibiwa kwa mistari miwili.

Aliyeiandika ni mama wa Kiacholi, mke wa konstebo, akaaye katika nyumba za polisi mjini Kampala. Mumewe hupelekwa Gulu kikazi kila baada ya miezi michache. Akirudi, asema mama huyo, hushusha kutoka kwenye basi magunia mawili ya mkaa na matikiti, na pesa ya safari imekwisha. Watoto wao watatu wamezaliwa na kukulia katika laini za polisi. Alipowapikia malakwang kwa karanga za kusaga za dukani, waliisukuma sahani wakaomba chipsi. Anauliza baba watoto anunue nini hasa katika safari hiyo, wapi, na vitu hivyo vitadumu vipi katika chumba kimoja kisicho na friji. Mwishoni ameongeza, kwa wino mwekundu, kwamba angependa tuseme na habari ya mkaa, maana hapo ndipo wanapogombana.

Swali hili ni la watu wengi. Askari hachagui mahali pa kukaa. Barua ya uhamisho ikija, mtu wa Kisoro aliyezoea viazi vyake hujikuta Kitgum, na mtu wa Teso hujikuta Mbarara akiulizia unga wa atapa na kuchekwa sokoni. Mshahara haumruhusu mtu kwenda kwao kila tamaa ya chakula cha kwao inapomjia. Kwa hiyo safari ya kikazi, ambayo nauli yake imekwisha kulipwa, ndiyo nafasi ya jiko la familia. Nayo hupotea mara nyingi kwa sababu mnunuzi ni baba mwenye haraka, na wauzaji wa dirishani wanamjua.

Tuanze na hao wa dirishani. Kutoka Gulu hadi Kampala ni karibu kilomita 330, na kila basi linaposimama watu hulizunguka na mishikaki, kuku wa kuchoma, gonja, mahindi na chupa za maji. Vitu hivyo ni vya kuliwa hapo hapo. Sina neno navyo, msafiri lazima ale. Lakini akiba ya nyumbani hainunuliwi dirishani, ambapo gari linanguruma, chenji haijarudi, na mfuko umefungwa usione kilicho chini. Akiba hununuliwa sokoni Gulu, asubuhi kabla ya kupanda basi au jioni ya siku iliyotangulia, pale pale wanapojinunulia akina mama wa mji wenyewe. Afande atenge saa moja tu. Akiona aibu kuuliza mambo ya jiko, amwombe mke wa mwenzake wa pale kambini afuatane naye. Sijaona mama wa Kiacholi aliyekataa kumchagulia mgeni ufuta.

Cha kwanza kununuliwa ni odii. Kwa wasioijua, odii ni rojo nzito ya karanga na ufuta, ule tuuitao simsim, vilivyokaangwa na kusagwa pamoja mpaka vikatoa mafuta yake. Ndiyo roho ya jiko la Kiacholi. Huungiwa mboga za majani, huungiwa samaki wakavu na nyama iliyokaushwa, na mtoto arudipo shuleni hupakiwa juu ya kiazi kitamu. Karanga za dukani zilizosagwa peke yake hazina ule uchungu mdogo wa ufuta uliokaangwa. Watoto wa mama yetu hawakuwa na makosa kuisukuma sahani.

Kuna njia mbili za kuipata. Ya kwanza ni kununua iliyokwisha sagwa. Atakayefuata njia hii aone inasagwa mbele ya macho yake, wala asichukue ile iliyolala katika beseni. Njia ya pili ndiyo niipendayo mimi, nayo ni kununua karanga mbali na ufuta mbali, vikasagwe nyumbani kidogo kidogo. Sababu yake ni ya afya. Karanga zilizoshikwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu yenyewe haionekani kwa macho. Kukaanga hakuimalizi, kuchemsha hakuimalizi, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibu ini na huweza kuleta saratani yake. Karanga nzima mama anaweza kuzichambua mezani, akatupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zile zenye ladha chungu. Zikishasagwa, mbovu imejificha kati ya nzuri na hakuna wa kuitoa.

Karanga zilizo katika maganda ndizo zinazosafiri vizuri zaidi, ingawa zinakula nafasi. Akizitikisa karibu na sikio na zikalia, zimekauka. Ufuta aushike mkononi aupulize, aone mchanga ulivyo. Ukifika nyumbani uoshwe katika beseni la maji, uchotwe kwa juu na mchanga ubaki chini, kisha uanikwe mpaka ukauke kabisa. Kipimo cha sokoni ni kile kikombe cha plastiki tukiitacho Tumpeco. Kabla ya kulipa, atie vidole ndani aone kama kitako chake hakikusukumwa juu. Mama akisaga odii ya majuma mawili tu itamtosha. Mafuta yakipanda juu ya rojo si dalili ya kuharibika, ayakoroge kwa kijiko kikavu. Maji ndiyo adui.

Cha pili, nacho ndicho kitakachotufikisha kwenye ugomvi wa mkaa, ni moo yaa, mafuta ya mti wa yaa, ambao wataalamu huuita shea. Walango wa upande wa Lira husema moo yao. Mti huu haupandwi kama mwembe. Huota wenyewe mashambani na porini, na wazee walizoea kuuacha wanapolima. Matunda yake huanguka katika miezi ya mvua, hasa kati ya Mei na Julai, na akina mama huamka alfajiri kuyaokota. Nyama ya tunda huliwa. Kokwa hukaushwa, huvunjwa, mbegu yake hukaangwa na kutwangwa, kisha hutokoswa katika maji mpaka mafuta yaelee yakaenguliwa. Ni kazi ya siku kadhaa kwa chupa chache. Mafuta ya huku kwetu ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi, hata wakati wa joto hutiririka kama mafuta ya kupikia, na wakati wa baridi huganda kidogo.

Moo yaa hayakaangiwi. Mbaazi zikishapikwa na kupondwa, sufuria ikashuka motoni, ndipo yanapomiminwa juu yake, na harufu hiyo humwambia Mwacholi yeyote apitaye mlangoni kwamba hapa ni kwao. Hufaa pia kupakwa mtoto mchanga. Katika kununua, afande afungue kifuniko anuse. Harufu ya moshi na mbegu zilizokaangwa ni ya kawaida. Ikichoma pua kama mafuta yaliyokaa siku nyingi, arudishe. Wako wanaochanganya na mafuta ya dukani, na dawa yake ni moja tu, kununua kwa mama mwenye meza yake sokoni siku zote, ambaye kesho utamkuta. Nyumbani yawekwe katika chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, mbali na jua na mbali na sigiri.

Sasa mkaa, na naomba konstebo asinikasirikie.

Wakati wa vita vya kaskazini, kabla ya makubaliano ya kusitisha mapigano ya Agosti 2006, familia nyingi za Acholi zilikuwa katika kambi, watoto wakikulia mahindi na maharage ya msaada, na barabara ya Karuma hadi Pakwach ilipitwa kwa msafara wenye ulinzi. Wako wasomaji wetu waliolinda misafara hiyo. Amani iliporudi watu walirudi mashambani, na miti iliyokuwa imesimama miaka yote hiyo bila kuguswa ikawa mali mbele ya macho ya wafanya biashara. Malori yakaanza kuteremka na magunia. Mti wa yaa una ubao mgumu, na ubao mgumu hutoa mkaa mzito udumuo motoni. Kwa hiyo ndio unaotafutwa. Lakini mti huo hukaa miaka 15 hadi 20 kabla ya kutoa tunda la kwanza, na ukiachwa waweza kuzaa zaidi ya miaka 100. Aliyeukata leo kwa magunia machache amewanyima mafuta watu ambao hawajazaliwa.

Ndipo Mei 2023 ikatoka Amri ya Rais Namba 3, iliyopiga marufuku ukataji miti kwa mkaa wa biashara katika sehemu za kaskazini, na vyombo vya usalama vikapewa kazi ya kuisimamia. Maana yake ni kwamba kazi hiyo ni ya wasomaji wa gazeti hili. Sijui konstebo wetu hujibu nini anapokutana na mwenzake kizuizini, naye amekalia magunia mawili. Mwenye lori aliye nyuma yake anaona, na kesho atasema mbona yule mwenye sare alipita.

Sisemi kwamba hana hoja. Mkaa wa njiani ni rahisi kuliko wa Kampala, na chungu hakichemki kwa amri. Mkewe naye hupikia mkaa. Walakini tuhesabu pamoja kama watu wa nyumba moja. Gunia la njiani limepambwa juu kwa vipande vikubwa, na chini ni vumbi na udongo. Katika majuma machache limekwisha, na pesa iliyolinunua ndiyo ile ile ambayo ingeleta karanga, ufuta na chupa mbili za moo yaa za kuwalisha watoto miezi miwili. Tena, matumizi ya mkaa hupunguzwa jikoni kwenyewe: mbaazi zilizolala majini usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi, chungu chenye kifuniko hakipotezi moto, na sigiri iliyofinyangwa udongo ndani hushinda ile ya bati tupu. Bwawa la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lilizinduliwa Septemba 2024, na nyaya zake zapita juu ya vichwa vyetu. Siku bei ya umeme itakapomruhusu mke wa konstebo kuchemshia maharage, tutaandika ukurasa mwingine.

Turudi kwenye kapu. Kando ya odii na moo yaa, sokoni Gulu aulizie lapena, yaani mbaazi, na majani ya kunde yaliyokaushwa, yaitwayo boo. Haya ni mepesi kama karatasi na mfuko mdogo hulisha nyumba mara nyingi. Mbaazi na kunde zina adui wao, dudu mdogo atobowaye nafaka. Hakuna haja ya dawa ya unga. Zianikwe juani, zitiwe katika jerikani kavu mpaka shingoni bila kuacha nafasi ya hewa, na kifuniko kikazwe kwa mpira. Mdudu aliyemo hufa kwa kukosa pumzi, mradi jerikani isifunguliwe majuma mawili matatu. Asali ya kaskazini ni nzuri pia, na iliyoganda isimtishe mtu, kwa kuwa kuganda ni tabia ya asali.

Baada ya hapo basi lianze safari, na mambo ya njiani ni machache. Kamdini, kwenye njia panda ya Lira, akumbuke tu kwamba yuko Lango, na aliyesahau moo yaa anaweza kuyaulizia hapo kwa jina la moo yao. Karuma watu huuza samaki, mihogo na mahindi ya kuchoma, na nyani huketi kando ya barabara wakingoja. Asiwatupie kitu, ndiko kulikowafundisha kukimbilia magari na kufa chini ya magurudumu. Akiitwa pembeni kwa kunong'onezwa kuhusu nyama ya porini, aendelee na safari yake, maana Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ina adhabu kali, na kwa askari aibu yake ni kubwa kuliko faini.

Samaki wakavu ni jambo lingine, na hapa mwenye bahati ni yule atokaye Arua au Nebbi, apitaye Pakwach. Huko ndiko kuliko angara, samaki wa Ziwa Albert na Nile aliyekaushwa, na wale wadogo waitwao muziri na ragoge. Atokaye Gulu atawapata sokoni kwa bei ya juu kidogo. Avunje mmoja mkiani: akipinda badala ya kukatika, hajakauka na atanuka kabla ya kufika Luweero. Wafungwe katika majani makavu ya migomba au katika mfuko wa nguo. Si katika kavera, ambamo hutoa jasho, wala si katika gazeti, hata hili letu, kwa maana wino si kitoweo. Wakifika nyumbani waanikwe tena siku moja. Ragoge na muziri ni wadogo kwa maumbile yao, lakini sangara na sato wachanga ni kosa kuwanunua, na tangu mwaka 2017 wenzetu wa jeshi wa kikosi cha ulinzi wa uvuvi wamekuwa wakiwasaka ziwani wanaowavua.

Bweyale ni soko la watu wa makabila mengi, pamoja na ndugu waliokimbia vita vya Sudan Kusini na kukaa katika makazi ya Kiryandongo, na mahindi ya sehemu ile ni mengi. Basi likisimama kwa muda wa kutosha, unga wa posho hapo wafaa. Migyera ni nchi ya ng'ombe: ale nyama, anywe maziwa yaliyochemshwa, asibebe. Mananasi ya Luweero yanunuliwe mwisho kabisa, kwa kuwa ni mazito na huchubuka. Asitazame rangi, ainame anuse kitako. Mwenye nafasi Bombo atazame vikapu vya rangi vya akina mama wa Kinubi, vinavyokaa jikoni miaka mingi na kufunika chakula vizuri kuliko bati.

Kwa majirani wa mama huyu wasioijua malakwang, na pengine kwa baba watoto naye, siku mkewe atakapokuwa hospitalini, hii ndiyo njia yake. Malakwang ni majani machachu ya jamii ya rozela, na huko Kampala hupatikana mabichi katika masoko wanakonunua watu wa kaskazini. Yachambuliwe, yaoshwe, yachemshwe mpaka yalainike. Maji ya kwanza yamwagwe kiasi, yote au nusu, kwa kadiri watu wa nyumba wanavyopenda uchachu; kwa watoto wasiozoea yamwagwe yote. Odii, vijiko vitatu au vinne vikubwa kwa sufuria ya watu watano, ikorogwe mbali katika bakuli kwa maji ya vuguvugu mpaka iwe laini, ndipo imiminwe juu ya majani na chumvi kidogo. Moto uwe mdogo. Ikorogwe polepole mpaka iwe nzito na mafuta yaanze kuonekana juu, isiachwe ikaungua chini. Huliwa na viazi vitamu vilivyochemshwa, navyo Kampala havikosi. Mara ya kwanza watoto wapewe kiazi kingi na mboga kidogo, wala wasilazimishwe.

Mama mwenye barua atuandikie akipata nafasi, atuambie magunia yamepungua au la. Juma lijalo tutafuata barabara ya Masaka, tuzungumze juu ya senene: jinsi ya kuwatambua waliovuliwa usiku ule na waliolala, na kwa nini yafaa kuwakaanga bila mafuta.